Baiskeli ya Ustadhati na Waraka Ambao Hatukuuandika



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita kamati yetu ya msikiti hapa Same ililetewa shauri ambalo halikuwa limewahi kufika mezani petu. Ustadhati wetu mmoja, ambaye kila Jumamosi huwafundisha akina mama Qur'ani katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Hedaru, alianguka na baiskeli. Alhamdulillah hakuumia sana. Alichubuka kiwiko na kuteguka mkono. Lakini darasa lilisimama. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa ikimaliza posho yake yote, na ndiyo maana alipanda baiskeli tangu mwanzo.

Kikaoni, wajumbe wawili walitaka tuandike waraka wa kuwanasihi akina dada waachane na baiskeli, kwa hoja kwamba kuanguka hadharani ni kuvunjika kwa stara. Tunakiri kwamba kalamu tulikuwa tumekwisha kuishika. Aliyetuzuia ni mzee mmoja, fundi baiskeli, ambaye si msemaji sana vikaoni. Aliuliza: "Baiskeli yenyewe mmeiona?" Hakuna aliyekuwa ameiona.

Ililetwa baada ya swala ya Isha. Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya mtumba, nyepesi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kaka yake alimnunulia Moshi, kwa mapenzi tu, bila kumpima. Mzee akamwita kijana mrefu kuliko sote, akamwambia aipande. Ikamkaa sawasawa. "Hii," akasema mzee, "ni ya mwanamume wa futi sita. Hata mwanangu wa kiume asingefika nayo Makanya."

Kwa upande wa hukumu hatutarefusha. Asili ya vyombo vya matumizi ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Aya ya 8 ya Suratun-Nahl inawataja wanyama wa kupandwa katika neema za Allah, na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inawasifu wanawake wa Kikuraishi miongoni mwa wapanda ngamia. Yanayobaki ni stara, usalama wa njia na maelewano ya nyumbani, nayo yanazungumzika.

Lililotushughulisha zaidi ni kipimo, kwa sababu ndiko kosa lilikotokea. Kipimo cha kwanza huchukuliwa nyumbani, na mama, dada au mume. Si kazi ya fundi. Mwenye kupimwa avue viatu, asimame wima mgongo ukiegemea ukuta, kisha abane ubao mwembamba juu kabisa katikati ya mapaja. (Wengine hutumia kitabu chenye jalada gumu, ubao una heshima zaidi.) Wekeni alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa ubao, mpime kutoka hapo hadi sakafuni. Ustadhati alipata sentimita 72. Kwa baiskeli ya mbio, zidisheni kwa 0.65, na jibu ni takriban 47: huo ndio urefu wa fremu unaomfaa, ukipimwa kutoka kwenye ekseli ya pedali kufuata bomba la kiti. Ile aliyopewa ilikuwa na 58. Akisimama chini akiwa ameitia katikati ya miguu, chuma cha juu kilimgusa kabla nyayo hazijakanyaga vizuri, ilhali panapaswa kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Kiti nacho kina kipimo chake. Mpandaji akae, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kikiwa chini mno magoti huuma kwa mbele, na kikizidi juu, mwili huyumba kila anapokanyaga. Kiti chembamba cha mwanamume pia humtesa mwanamke, kwa kuwa mifupa yake ya kukalia kwa kawaida imeachana zaidi. Hilo akina dada wengi huona haya kulisema dukani, wakavumilia maumivu mpaka wakaiacha baiskeli.

Lakini mguu peke yake hautoshi. Umbali wa kutoka kitini hadi usukani ndio uliomwangusha Ustadhati. Alikuwa amejinyoosha mno, viwiko vimekaza, vidole vimekufa ganzi. Siku hiyo upepo wa tambarare ulikuwa mkali, lori likampita karibu, naye alipoitafuta breki kiganja kikateleza. Kwa mwenye mikono mifupi, fundi anaweza kubadilisha shingo ya usukani akaweka fupi, na mikono ya breki mingi ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na vidole. Fremu iliyozidi sentimita 11, hata hivyo, haina dawa ya skrubu.

Kuhusu mavazi, suruali pana iliyobanwa kwenye vifundo chini ya jilbabu fupi kidogo, pamoja na kifuniko cha mnyororo, huondoa hatari kubwa ya nguo kunaswa. Hijabu iwe ya kitambaa chepesi, bila pini chini ya kofia ya usalama. Masomah Ali Zada, binti wa Kiafghani, alishindana hivyo, kichwa kimefunikwa, katika mbio za barabarani za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akiwa katika timu ya wakimbizi.

Dada zetu wa Mamba, Suji na Chome hatuwashauri baiskeli ya aina hii. Milima yao inataka tairi pana, gia nyepesi za kupandia na breki zisizochoka kwenye mteremko mrefu. Hiyo ni ya lami ya huku bondeni.

Kamati ilichangia sehemu ya bei ya baiskeli nyingine, nasi tulikuwa wa kwanza kutoa, kwa aibu ya ule waraka. Fremu yake ina sentimita 48. Mzee alifupisha shingo ya usukani bila malipo, na baba yake Ustadhati akamsindikiza Jumamosi mbili za mwanzo kwa baiskeli yake ya kizamani, akiachwa nyuma kila mara. Darasa limerudi. Ile baiskeli ya kwanza anayo kaka yake, anasema inamkaa vizuri sana.