Damu yako si mbolea

Wasee, mtanikasirikia lakini leo lazima niseme. Hizi video za "fufua nywele kwa damu yako mwenyewe" zinakula vijana pesa.

Cuzo yangu ana miaka 21. Alianza na kiduara kidogo kisogoni, nyumbani wakasema ni mapunye, akapakwa kila kitu. Haikuwa mapunye. Ilikuwa alopesia areata, kinga ya mwili inageukia mashina ya nywele na kuyashambulia. Kufika Desemba hana hata nyusi. Kliniki moja ya urembo ikamwambia atolewe damu, izungushwe kwa mashine, halafu yale maji ya manjano yenye chembe sahani adungwe kichwani. Elfu ishirini kila kikao, vikao vinne. Alikopa chama.

Sasa fikiria. Umepanda sukuma na mbuzi bado wako ndani ya shamba, utaongeza mbolea hadi lini? Mashina hayajakufa, yamezingirwa tu. Hizo sindano zimejaribiwa, ndiyo, lakini kwa vikundi vidogo na majibu yanagongana, hasa kwa mtu aliyepoteza nywele zote. Eksosomu ndiyo hata usiniambie: FDA ya Marekani ilionya 2019 kwamba haijaidhinisha hata moja.

Na zile picha za kabla na baada? Mwenye viduara vichache, mara nyingi nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Kliniki inapiga picha, inajipigia makofi.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwambia kuna dawa za kumfukuza mbuzi. Baricitinib iliidhinishwa Marekani Juni 2022 kwa watu wazima walioathirika vibaya, ritlecitinib mwaka uliofuata, kuanzia miaka 12. Si miujiza. Kwenye majaribio, karibu theluthi tu ya waliopewa dozi kubwa ya baricitinib walifikisha asilimia 80 ya nywele kichwani kwa wiki 36. Ukiacha, zinaweza kuanguka tena. Zinashusha kinga, na bei, jameni! Lakini hiyo ndiyo stori alistahili kupiga na daktari wa ngozi, si na mtu wa mapokezi anayeuza "paketi".

Mkisema naharibia watu biashara, sawa. Wekeni picha za mteja aliyekuja bila unywele hata mmoja, na za mwaka mmoja baadaye. Nangoja. Cuzo aliacha kwenda, siku hizi ni kofia tu, na deni la chama atalilipa hadi Aprili.