SI KILA KITU NI LAANA, MENGINE NI VIDONDA



Leo nitasema neno ambalo huenda lisikupendeze. Tumekesha miaka mingi tukivunja laana za ukoo. Mimi naamini katika maombi, na sitaacha kuomba. Lakini mengi tunayoyaita laana ni vidonda ambavyo hakuna mtu pale nyumbani amewahi kuvitaja.

Fungua kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu aliogopa, akasema Sara ni dada yake (sura ya 12). Isaka mwanawe akasema vivyo hivyo juu ya Rebeka (26). Yakobo alimdanganya baba yake kwa ngozi za mbuzi (27). Miaka ikapita, wanawe wakamdanganya yeye kwa damu ya mbuzi (37). Isaka alimpenda Esau zaidi. Yakobo naye akampenda Yusufu kuliko wenzake. Na hii ndiyo familia iliyobarikiwa! Baraka na kidonda vilikaa nyumba moja.

Nami nina yangu. Babu yangu aliwekwa kizuizini wakati wa Dharura iliyotangazwa mwaka 1952. Aliporudi alimkuta baba yangu akiwa mtoto mdogo. Hakusema lolote kuhusu kambi. Alichoshindwa kusema kwa mdomo, kilitoka kwa kiboko. Baba akakua akijua kwamba mwanaume halii wala haombi msamaha. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilionyesha majuto na kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000. Babu alikuwa ameshalala. Na hakuna fidia inayomfikia mjukuu.

Siku moja mimi, mchungaji niliyesomea Biblia chuoni, niliinua mkono juu ya mwanangu kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Mtoto akajikunyata. Nikajiona mwenyewe nikiwa na miaka saba, mbele ya baba. Usiku ule sikukemea pepo. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia, "Baba amekosea. Nisamehe." Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuniambia maneno hayo.

Sasa mtazame Yusufu. Mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake (41:51). Lakini ndugu zake walipofika Misri, aliyesahau alilia! Kwanza alilia kwa siri. Mwishowe akalia kwa sauti hadi Wamisri wakasikia, akawaambia wazi kwamba yeye ndiye waliyemuuza (45). Hakuficha walichotenda, wala hakulipiza. Uponyaji wa nyumba ile ulianzia hapo.

Angalia pia kwamba aliwapima kwanza, aone kama wamebadilika. Dada yangu, kusamehe si kurudi mikononi mwa anayekuumiza.

Kwa hiyo wiki hii, pamoja na maombi yako, fanya haya. Muulize mzee mmoja wa kwenu, "Ulipokuwa mdogo, nyumbani kulikuwaje?" Kisha nyamaza usikilize, huenda ukamhurumia mtu uliyekuwa unamwogopa. Kama umemkosea mtoto wako, mwombe msamaha. Heshima yako haitapungua. Na kama mzigo umekulemea, mwone mshauri nasaha. Tunapougua malaria tunaomba na tunameza dawa, na hakuna anayetuita wenye imani haba.

Katika Ezekieli 18 Mungu anakataa ile methali ya baba kula zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi. Kila nafsi itajibu kwa yake. Hujafungwa na ya baba yako, mpendwa. Lakini ya kwako utaulizwa, na mtoto anakutazama leo.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kusema yaliyonyamaziwa nyumbani kwetu. Ponya wazee wetu. Yaishie kwetu, yasifike kwa watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe.