Kabla hujatuma hela ya bati, mlipe mtu apande juu ya paa



Mwisho wa mwezi ukipita Ruwi jioni ya Ijumaa, utaiona foleni kwenye maduka ya kutuma pesa. Ukiuliza watu kumi wanatuma za nini, utasikia ada, utasikia hospitali, halafu utasikia nyumba. Mmoja anabadilisha bati, mwingine anaongeza chumba, mwingine anatoa tope anaweka tofali. Na nyingi si nyumba mpya. Ni nyumba ya mama, baba aliijenga zamani kwa alichokuwa nacho, na sisi tuliokuja huku ndio tunaangaliwa tuirekebishe.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine hamtayapenda. Hela ya kwanza ya ukarabati isiwe ya saruji wala ya bati. Iwe ya kumlipa mtu mwenye ujuzi aikague nyumba na aandike alichokiona. Baada ya hapo kazi nyingi mpe fundi wa mtaani kwa roho safi. Kazi chache usimpe kabisa, hata kama ni mjomba wako.

Bati za mama

Mwaka wa pili wa mkataba wangu mama alinipigia, sebule inavuja. Nyumba iko Muheza, mkoa wa Tanga. Mdogo wangu akaleta fundi, fundi akaangalia kutoka chini, akasema bati zimekwisha, wekeni mpya. Nikatuma rial 310 kwa mafungu matatu. Mshahara wangu wakati ule ulikuwa rial 90, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Picha zikaja, bati la bluu linang'aa, mama anacheka mlangoni. Nikamwonyesha mpaka madamu.

Masika yalipofika paa likalala upande mmoja. Bati zilikuwa mpya kweli, hakuna aliyeniibia hata shilingi. Ila mbao za kenchi zilizozibeba zilishaliwa na mchwa siku nyingi, na yule fundi alipigilia misumari kwenye mbao hizohizo.

Safari hii shangazi akanitafutia fundi sanifu kutoka Tanga mjini. Alidai shilingi laki moja pamoja na nauli, kama rial 15 hivi. Akapanda juu na bisibisi, akaichoma mbao ya kwanza, ikazama mpaka kwenye mpini. Akanitumia video ya dakika moja. Nilikuwa napiga pasi, nikakaa chini.

Kushusha bati, kununua mbao zilizotiwa dawa na kupandisha upya ikala rial 420 nyingine. Nisiseme uongo, mbao ningezinunua tu hata kama ningejua mapema. Lakini kumlipa fundi mara mbili, bati zilizopinda, dari iliyoloa na kochi la mama, hivyo nilivilipa bure. Kwa hesabu yangu ni kama rial 200, yaani zaidi ya miezi miwili ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Na yote kwa sababu hakuna aliyetoa rial 15 mtu apande juu.

Mnayoyaona saiti, mbona nyumbani hatuyafanyi?

Kaka zangu mnaofanya kazi za ujenzi Ghala, Mabela na kwingine, nyie mnanishangaza zaidi. Kila siku mnaona jinsi kazi inavyokwenda. Zege halimwagwi kabla nondo hazijakaguliwa. Likishamwagwa linafunikwa magunia na kunyweshwa maji siku kadhaa, maana jua la huku likilikausha haraka linapasuka. Mchoro upo, na mtu wa kuusoma yupo. Kampuni hailipwi zote mara moja, kuna fungu linabaki mpaka ionekane kazi haina kasoro.

Halafu jioni mnarudi kambini, mnamjengea mama kwa voisi ya WhatsApp. "We weka tu nguzo pale kwenye kona, nondo za milimita kumi zinatosha." Nani kasema zinatosha? Kumpitishia mwashi tofali kwa miaka minne kunakufundisha mengi, lakini hakukufundishi uzito gani ukuta wa nyumba yenu unaweza kubeba. Ujuzi wenu utumieni kwenye kuuliza. Mkiona picha ya zege lililomwagwa jana na leo limekauka kama chapati, mnajua tatizo. Semeni.

Nyumba ya zamani haisemi

Watu wanadhani kukarabati ni rahisi kuliko kujenga. Mara nyingi ni kinyume. Kwenye kiwanja kitupu unajua ulichoweka chini. Kwenye nyumba ya zamani hujui ndani ya ukuta kuna nini, na ukigusa huku kunajibu kule.

Wazanzibari mliopo hapa mnaikumbuka Beit al Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, pale Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati uliogharamiwa na serikali ya Oman hii tunayofanyia kazi, sehemu kubwa ya jengo ilianguka na watu 2 wakafa. Hapo pesa zilikuwepo na wataalamu walikuwepo. Sasa wewe mwenye rial 300 na fundi aliyeangalia kutoka chini, una haraka ya nini?

Ipi ya fundi, ipi ya mtaalamu

Simwambii mtu amwajiri mhandisi apake rangi. Huko nako ni kupoteza hela. Mimi nagawa hivi.

Fundi mzuri wa mtaani, mwenye kazi ambazo ndugu zako wanaweza kwenda kuziangalia, anatosha kwa rangi, plasta, sakafu, vigae, milango na madirisha. Hata bati anatosha, kama kenchi imeshakaguliwa.

Mtafute mtaalamu ukitaka kuvunja ukuta kuunganisha vyumba, kuongeza ghorofa, kugusa msingi, au kumwaga zege la juu. Pia choo cha shimo kama kisima kiko karibu, maana hapo unacheza na maji ya kunywa.

Umeme usiufanyie utani. Waya za miaka ya nyuma zilipimwa kwa taa tatu na redio. Sasa unatuma friji, pasi na feni juu ya waya zilezile. Tanzania bara leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Omba kuiona leseni.

Halafu kuna nyufa. Ufa mwembamba wa plasta usikunyime usingizi. Ufa unaopita kwenye tofali, unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha, huo usiuzibe na kupaka rangi juu. Mwambie mtu nyumbani achore alama ya penseli pale ufa unapoishia, aandike tarehe, akupigie picha kila mwezi. Ukivuka alama, nyumba inatembea, na hapo haihitaji plasta, inahitaji mhandisi.

Utawajuaje wa kweli? Tanzania bara makandarasi wanasajiliwa na CRB na wahandisi na ERB. Kenya ni NCA kwa makandarasi. Omba namba ya usajili, kisha uihakikishe kwenye bodi yenyewe, usitosheke na picha ya cheti. Kwa mafundi, aliyepita VETA ana pa kuanzia. Kazi ikiwa kubwa, ulizia kibali halmashauri. Na kama nyumba yenu iko Mji Mkongwe, usiguse hata dirisha kabla ya kwenda Mamlaka ya Hifadhi.

Hela itembee kwa hatua

Mkaguzi akishamaliza, mwombe orodha ya vifaa, idadi na bei ya kila kimoja. Ipeleke hiyo orodha kwenye maduka mawili ya vifaa. Hela ya vifaa lipa dukani moja kwa moja kwa lipa namba au akaunti ya duka, isipite mikononi mwa fundi wala ndugu. Hela ya ufundi igawe kwa hatua, na bakisha angalau fungu moja katika kumi mpaka mvua inyeshe na paa lisivuje. Liandikeni hilo kabla ya kuanza, fundi asije akasema umembadilikia.

Weka pembeni akiba. Kwa nyumba ya zamani mimi naweka moja ya tano ya bajeti, kwa sababu ukibomoa plasta lazima ukute kitu. Kama huna hiyo akiba, kazi haijafika wakati wake. Subiri.

Angalia na majira. Kwetu pwani masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Usifungue paa la mama mwezi wa tatu kwa sababu tu mshahara umeingia.

"Mhandisi ni wa matajiri"

Hili nalisikia kila siku. Humwajiri mwezi mzima, dada. Unamlipa kwa siku moja ya kuja kuangalia na kuandika. Tajiri akikosea anajenga tena. Wewe ukikosea unasaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Kwa hiyo anayemhitaji zaidi ni wewe.

Ni kweli, cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Wapo wenye vyeti wanaoongeza idadi ya saruji kwenye orodha. Ndiyo maana anayekagua asiwe anayejenga, na anayejenga asiwe anayeshika hela. Watu watatu, kazi tatu.

Najua gumu kuliko yote ni ndugu. Kumwambia kaka yako mkubwa akupe risiti kunaonekana dharau. Mimi mdogo wangu alikasirika wiki tatu hakunipigia. Nilimwambia hivi: "Mdogo wangu, si kwamba sikuamini. Ni kwamba mimi sipo." Akaelewa baadaye. Leo ndiye anayepiga picha za ufa.

Mkopo kwa ajili ya ukarabati usioujua mwisho wake, mimi siushauri. Ni bora mama akae na ndoo sebuleni msimu mmoja zaidi kuliko kukaa chini ya paa linaloweza kumwangukia. Na usimwonee haya mama kumwambia ukweli huo. Mwambie, "Mama, mwaka huu tunakagua, mwakani tunajenga." Wangu alinijibu, "Mwanangu, mimi hilo paa nimekaa nalo miaka 30, mwaka mmoja ni nini? Wewe rudi mzima tu."

Ijumaa ijayo ukiwa kwenye foleni Ruwi, na hela ya bati iko mkononi, piga simu moja kwanza. Uliza: kuna mtu ameshapanda juu akaangalia? Kama hakuna, tuma rial 15, hizo nyingine rudi nazo.