Nilipata B+ ya Kemia, Nikampotosha Mathe

Wasee, wacha niwape stori ya aibu.

Huku Kitengela wengi wetu tunatumia maji ya kisima. Siku moja mathe akasikia kwamba visima vingi vya Kajiado vina floraidi nyingi, na ndiyo inafanya meno ya watoto yawe ya kahawia. Akaniuliza, "Wewe si ulifanya Kemia? Nikiyachemsha itatoka?" Nikajibu bila hata kuinua macho kwa simu: "Eeh, chemsha tu."

Nilikosea vibaya. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Ukichemsha lita 20 zikabaki 16, floraidi yote ya zile 20 sasa iko ndani ya 16. Yaani kila kikombe kina robo zaidi ya mwanzo.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote nilikuwa nayajua. Sekondari nilichora ule mtambo wa kukeneka maji ya chumvi: mvuke unapanda, chumvi inabaki chini. Nikapata maksi zote. Lakini hakuna mtu aliwahi kunipima kama naweza kutoa hiyo akili kwa karatasi niilete jikoni.

KCPE, mpaka ya mwisho 2023, ilikuwa hivi: Hesabu maswali 50, chagua A, B, C au D. Hata ukifunga macho, kila swali una nafasi moja kwa nne. KCSE ni afadhali, kwa sababu kwa Hesabu unapewa maksi za njia hata jibu likikataa. Lakini buda, hata njia tulikremu. Tulifanya karatasi za miaka iliyopita mpaka ukisoma maneno matatu ya kwanza unajua hatua zote, bila kujua kwa nini. Nilipofika chuo, maswali yakaja na sura nisiyoijua, nikakwama. Sisemi niliacha chuo kwa hiyo tu, karo pia ilinibana. Lakini ilichangia.

Sasa tuko CBC. KJSEA ya kwanza ilifanywa 2025, na sehemu ya maksi inatoka kwa kazi za darasani. Wazo ni poa. Shida ni pale mradi wa mtoto unafanywa na mzazi na kuprintiwa saiba. Hapo tunapima akili ya nani?

Ombi langu ni dogo. Kila mtihani wa Hesabu na Sayansi uwe na swali moja halijawahi kuonekana, kama hili: "Mama amechemsha maji yenye floraidi. Je, sasa ni salama kwa floraidi? Eleza unajuaje." Maksi ziende kwa sababu, si kwa ndiyo au hapana.

Najua mwalimu mwenye darasa la watoto 60 atasema kusahihisha maelezo kunachosha, na kila mtu atasahihisha kivyake. Ni kweli. Ndiyo maana nasema swali moja, na mwongozo unaosema wazi hoja zipi zinahesabiwa. Si lazima tubadilishe karatasi nzima kesho.

Mathe nilimwomba msamaha. Sai maji ya kunywa tunakinga ya mvua, ya kisima ni ya kufua.

Na wewe je, ni kitu gani ulipitia shuleni na maksi zote, halafu maisha yakakuuliza ukakosa jibu? Niambie hapo chini.