Hoja ya Fimbo Kumi na Nne

Methali yasema kuwa mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia mara nyingi katika viwanja vya gofu, na waitumiao ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni kedi mzee aliyebeba mikoba ya wengine kwa miaka mingi, ambaye akipewa fimbo yoyote, hata iliyochakaa, huupiga mpira ukaenda atakako. Wa pili ni tajiri anunuaye fimbo mpya kila mwaka, ambaye huitamka kwa mzaha mgeni mwenye fimbo kuukuu anapolalamika. Nakubali kuwa methali hii ina hekima. Lakini katika mchezo huu imewapoteza wengi, na duka la vifaa limewapoteza wengi zaidi. Kosa moja lasema kuwa fimbo si kitu. Jingine lasema kuwa fimbo ni kila kitu. Nayapinga yote mawili, na la pili nalipinga kwa nguvu zaidi, maana ndilo liwalalo watu fedha zao na kuwafungia vijana mlango wa mchezo.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na asitishike. Kazi ya mchezaji ni kuupeleka mpira mdogo katika mashimo 18 kwa mapigo machache awezavyo. Fimbo zake hutofautiana kwa urefu wa mpini na kwa mwinamo wa uso wa chuma. Uso uliosimama huutupa mpira mbali na chini. Uso ulioegemea nyuma huupandisha juu na kuudondosha karibu. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kupenda, bila malipo. Ni yeye nimsemaye hapa, kwa kuwa mchezaji wa kulipwa ana walimu na mafundi wake, wala hanihitaji.

Nilipoanza kucheza nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara mdogo na majivuno makubwa. Niliingia dukani nikatoka na mkoba wa fimbo 14, nusu ya bei nimelipa na nusu nimekopa. Muuzaji aliniambia kuwa mipini migumu ndiyo ya wanaume, nami sikutaka kuonekana vingine. Kwa miezi mitatu mpira wangu ulikwenda kulia vichakani kana kwamba umeitwa huko. Nilijilaumu, nikamlaumu mwalimu, nikaulaumu upepo. Siku moja kedi mzee aliyekuwa akinibebea mkoba aliniambia kwa adabu, "Bwana, fimbo hizi si mbaya, ila si zako. Ni za mtu mwenye mikono mingine." Nikamjibu, "Mzee, nimezilipia." Akasema, "Naam, umezilipia." Hakuongeza neno, na kimya chake kilinifundisha kuliko maneno ya muuzaji.

Ukweli wa jambo hili si wa siri. Mpini wa fimbo hupinda kidogo mtu anapoizungusha, na kupinda huko kwafaa kulingane na kasi ya mikono yake. Mtu mwenye kasi ndogo akishika mpini mgumu, mara nyingi uso wa fimbo hufika kwa mpira ukiwa bado haujafunga, na mpira hukimbilia upande. Ugumu wa mpini hauna uanaume ndani yake, kama vile ukubwa wa kiatu hauna heshima. Hapa ndipo ninapoachana na methali. Mkulima mfupi akilazimishwa kulima kwa mpini wa jitu ataumia mgongo, na hatuwezi kumwambia kuwa si mkulima kwa sababu ameomba mpini wake ukatwe. Chagua basi, lakini chagua kwa kipimo cha mwili wako, wala si kwa kipimo cha bei.

Sasa nije kwa hizo fimbo 14. Wengi hudhani kuwa kanuni inamtaka mchezaji awe nazo zote. Sivyo. Kanuni yasema kuwa asizidishe 14. Iliwekwa Marekani mwaka 1938, na wakubwa wa mchezo wa St Andrews wakaifuata mwaka 1939, kwa kuwa baadhi ya wachezaji walikuwa wakiwabebesha makedi fimbo zaidi ya 20. Kilichokusudiwa kuwa kizuizi cha tamaa kimegeuzwa kuwa amri ya kununua! Mwaka 1916 Chick Evans, mchezaji wa ridhaa aliyekuwa kedi utotoni, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani na pia yale ya ridhaa katika mwaka huo huo, na mkobani mwake mlikuwa na fimbo saba tu. Alipiga mapigo 286, hesabu ambayo haikuvunjwa katika mashindano hayo ya wazi kwa miaka 20. Baadaye alirekodi mafunzo ya gofu katika sahani za santuri. Na kwa kuwa kupokea faida yake kungemwondolea uridhaa, fedha hizo zilielekezwa katika mfuko wa kuwasomesha makedi, na wa kwanza wao waliingia chuo kikuu mwaka 1930. Nalitaja jambo hili la mwisho kwa makusudi, na nitalirudia.

Nasikia mtu akisema kuwa siku zile si siku hizi, na kuwa vifaa vimeendelea. Ni kweli vimeendelea. Vichwa vikubwa vya siku hizi humsamehe apigaye mpira pembeni kidogo, na mwanafunzi wa mchezo ana haki ya kufaidi msamaha huo. Lakini baadhi ya maendeleo yanayouzwa ni ya nambari tu. Hakuna kanuni isemayo kuwa chuma nambari 7 lazima kiwe na mwinamo fulani. Zamani kilikuwa na nyuzi kama 36 hivi. Leo vipo vingi vyenye nyuzi 30 au pungufu, yaani takriban mwinamo wa chuma nambari 5 cha kale. Mtu hununua seti mpya, akapiga nambari 7 ikapita mbali kuliko ile ya zamani, akarudi nyumbani akisifu fedha zake. Kumbe amepiga nambari 5 iliyobadilishwa jina. Mwingine hutoka na fimbo yake Mombasa, akaijaribu Nairobi, akaona mpira umepaa kuliko desturi. Naye huisifu fimbo, ingawa mwenye kustahili sifa ni hewa nyepesi ya nchi ya juu.

Tena tazama hesabu. Katika kiwanja chenye kipimo cha mapigo 72, mapigo 36 yamekadiriwa kuwa ya kusukumia mpira shimoni, mawili kwa kila shimo. Fimbo kubwa ya mpigo wa kwanza, ile iitwayo draiva, yaweza kutumika mara 14 hivi, kwa kuwa kwa kawaida mashimo manne ni mafupi na hayaihitaji. Je, fedha nyingi huenda wapi? Huenda kwa draiva, na mazoezi huenda huko huko. Fimbo fupi ya shimoni, ibebayo nusu ya hesabu, huokotwa popote na kusahauliwa mkobani.

Mwanafunzi wa mchezo huu zamtosha fimbo sita au saba: moja ya mti, ambayo bado yaitwa ya mti ingawa siku hizi ni chuma; vyuma nambari 5, 7 na 9; moja ya kutolea mpira mchangani; na ya shimoni. Zilizotumika zafaa sana kuliko mpya, kwa kuwa chuma hakizeeki upesi. Anapozitazama, na asimame wima katika hali yake ya kupiga, aone kama kichwa cha fimbo kimelala sawa ardhini au kimeinua ncha. Azishike vishikio: vikiwa vimekauka na kuteleza, mikono itakaza bure, na mikono iliyokaza haipigi mpira vema. Kishikio hubadilishwa kwa fedha kidogo, na mara nyingi maji ya uvuguvugu na sabuni hutosha kukirudishia uhai. Mifereji iliyochorwa usoni mwa chuma isiachwe ijae udongo, kwa maana ndiyo iushikayo mpira na kuuzungusha ukasimama utuapo. Wala fimbo zisiachwe ndani ya gari juani mchana kutwa. Joto kali huilegeza gundi ya kichwa. Haya hayauzwi dukani, na labda ndiyo sababu hayasemwi huko.

Juu ya mipira sitasema mengi. Kanuni yataka usipungue milimita 42.67 kwa upana, wala usizidi gramu 45.93 kwa uzito, na kanuni hiyo haimjui tajiri wala maskini. Mchezaji apotezaye mipira mitano kwa mzunguko mmoja hana sababu ya kununua ile ya bei ya mabingwa.

Seve Ballesteros wa Hispania alijifunza mchezo huu akiwa mtoto kwa kupiga katika mchanga wa pwani ya Pedreña, akitumia fimbo moja, chuma nambari 3, aliyopewa na nduguye. Mwaka 1978 alikuja kwetu akashinda mashindano ya wazi ya Kenya, na mwaka 1979 akashinda yale ya Uingereza. Simtaji ili kila mtoto mwenye fimbo moja adhani atakuwa Ballesteros. Namtaja kwa sababu mtu fulani katika nyumba yao alikuwa na fimbo moja ya ziada na hakuiweka kabatini.

Nimeona kando ya viwanja vyetu wavulana, na siku hizi wasichana pia, wakijizoeza kwa kipande cha bomba kilichopondwa ncha. Nimeona pia nyuma ya milango ya nyumba kubwa seti mbili au tatu zilizosimama katika vumbi, kila moja ikiwa imefukuzwa na ndogo yake kabla haijachakaa. Wenye seti hizo ndio wasemao kuwa gofu ni mchezo wa gharama. Ni nani aliyeufanya wa gharama? Seti yangu ya mipini migumu niliigawa mwaka uliofuata: vyuma vilikwenda kwa kijana mmoja mwenye mikono ya haraka, ambaye tangu mwezi wa pili amekuwa akinishinda, na fimbo ya mchanga nikampa yule mzee. Deni la duka nililimaliza baada ya hapo kwa miezi minane.