Mtumishi asiyetumika

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya chuo: makaratasi ya kuwasilisha, majaribio, foleni kila mahali. Leo nina jambo linanikaa rohoni wiki ya tatu sasa, nimeona bora nilitoe. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Wengi mnajua mwaka jana nilichaguliwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo. Siku ile nilisimama mbele nikasema yale ambayo kila anayechaguliwa huyasema: mimi si kitu, sistahili, niombeeni. Watu wakaitikia amina. Kwa kweli, nisipodanganya, nilichokipenda zaidi ni kuitwa "Mtumishi". Mtumishi waendeleaje, Mtumishi tuombee, Mtumishi njoo ukae huku mbele. Kiti kipo, maji ya chupa yapo. Neno lenyewe ni la mtu anayetumika, lakini sisi tumeligeuza cheo, tena cheo kinachompa mtu ruhusa ya kutobeba viti ibada ikiisha!

Sasa sikieni kilichotokea.

Muhula huu boom lilichelewa kwa baadhi yetu, hasa mwaka wa kwanza. Mliokaa hosteli mnajua maana yake. Watu wanapiga pasi ndefu, asubuhi chai kavu, chakula tena usiku kama kipo. Wengine wanabebana wawili kitanda kimoja kwa sababu hela ya chumba haipo. Kuna mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, ndiye anayetupigia kinanda. Alhamisi moja baada ya mazoezi alinifuata akasema, "Kaka, naomba uniombee, hali ni ngumu." Nikamwekea mkono begani nikaomba, tena niliomba vizuri, kwa sauti. Nikamwambia Mungu anakupitisha tu, shika imani. Halafu nikaenda zangu kula.

Jumamosi akiwa kwenye kinanda akaona kizunguzungu, akaanguka.

Tukambeba, tukampepea. Mhazini wetu, dada mmoja mpole ambaye hata kutoa matangazo anaogopa, alikuja na chupa ya uji. Baadaye nikajua kwamba yeye na wenzake wa chumbani walikuwa tayari wanapikia watu wanne kila jioni kwa hela zao, bila kumwambia mtu. Alipomaliza kumnywesha alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mtumishi, alikuja kwako Alhamisi. Ulimuuliza kama amekula?"

Sikuwa na jibu. Na ile barua ya Yakobo sura ya 2, inayomsema mtu anayemuaga mwenye njaa kwa maneno mazuri bila kumpa kitu, nilishaihubiri mwenyewe mara mbili!

Ndiyo maana leo nasema tunakosea jinsi tunavyouelewa unyenyekevu. Tunadhani ni sauti ya upole, kuinamisha kichwa, kusema "mimi si kitu". Hayo hata mwenye kiburi anayaweza, mimi ni shahidi. Na tunakosea tunapohubiri kuhusu shida. Shida ya mwenzako tunaiita jaribu la imani, yetu tunaiita dharura. Sikatai kwamba Mungu humfundisha mtu katika magumu. Ila mwenye haki ya kusema "Mungu ananipitisha" ni yule aliye ndani ya shida. Mimi niliyeshiba nikimwambia hivyo, namwambia tu kwamba sitaki kugawana naye sahani.

Katika wiki zile nilirudia kusoma habari za Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda tangu 1974. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na watu kupotea. Angeweza kunyamaza. Askofu Mkuu ana nyumba, ana gari, ana nafasi ya kukaa na wakubwa. Tarehe 16 mwezi huohuo alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari, lakini mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi. Leo sanamu yake iko ukutani pale Westminster Abbey, London, tangu 1998.

Sijilinganishi naye jamani, mimi nimeshindwa hata na sahani ya wali. Ila naona jambo moja. Luwum hakuitafuta shida ili aonekane mtakatifu. Ilimfikia kwa sababu alisimama upande wa watu waliokuwa wanaumizwa. Cheo wengi tunakitaka kiwe mwavuli, mvua ikinyesha sisi tuwe wakavu. Chake ndicho kilichomfikisha kwenye mvua.

Na yeye alitokea katika uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Watu wale walikuwa na desturi ya kuungama mbele ya wenzao, wakiita kutembea nuruni. Mkulima aliweza kumwambia mchungaji, ndugu, hapa umekosea. Nadhani hapo ndipo unyenyekevu unapopimwa: je, unaambilika? Na anayekuambia akiwa mdogo kwako, unamsikiliza au unamuuliza anajua anaongea na nani?

Basi Jumapili iliyofuata nilisimama nikasimulia yote, pamoja na lile swali la mhazini. Msidhani ilikuwa tamu. Wapo waliolia, lakini viongozi wenzangu wawili walinikasirikia. Walisema nimeshusha heshima ya uongozi, kwamba mambo kama hayo yanamalizwa ndani. Nimelifikiria sana neno lao, maana si la kupuuza, kiongozi asiyeheshimiwa hawezi kuongoza. Lakini nikisoma Yohana 13 naona Yesu hakukana kwamba yeye ni Bwana na Mwalimu. Alishika beseni na jina lake likiwa palepale, kisha akalikubali jina hilo. Heshima inayovunjika kwa sababu kiongozi amekiri kosa, mimi naona ilikuwa imeshapasuka zamani.

Kuna upande mwingine nilijifunza kwa yule kijana. Nilipomwomba msamaha alicheka kidogo akasema, "Kaka, na mimi nilikosea. Nilisema hali ngumu, nikaona aibu kusema njaa. Nyumbani tumefundishwa mwanaume halii njaa." Petro naye alikataa kuoshwa miguu, mnakumbuka? Kwa hiyo ninyi mlio katika shida sasa hivi, kusema ukweli wa hali yenu nako ni unyenyekevu. Msituachie sisi kubahatisha, hatuna akili hiyo!

Sasa kuna sufuria la pamoja kila jioni kwa wale ambao boom halijatoka, tunachanga kila mtu alichonacho. Wengine wanaokula pale si wa ushirika wetu, wala si Wakristo, na hakuna anayeulizwa.

Uchaguzi wetu ni mwisho wa mwezi huu, na wameniomba nigombee tena. Sijaamua. Nikikubali naogopa ile ladha ya "Mtumishi" itarudi. Nikikataa naogopa nitakuwa nakimbia aibu huku nikiiita unyenyekevu. Mniombee, ila safari hii na mimi nitaomba mniulize maswali. Na mkimchagua mwingine, tafadhali msimwangalie anavyoomba mbele ya watu. Mwangalieni ibada ikiisha, wakati wa kubeba viti.

Na kabla hujalala leo, gonga chumba cha jirani, muulize kama amekula.