Jicho la mbwa halitibiwi kwa kubahatisha

Mbwa wa ulinzi aina ya German Shepherd anayeishi Nairobi au Arusha, kwenye miinuko yenye jua kali, yumo katika hatari ya kupata ugonjwa ambao utando mwekundu wenye mishipa ya damu hutambaa taratibu juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, hadi kuziba mboni. Dawa yake ya kawaida ni matone ya steroidi, na akiyapata bila kukatiza anaweza kuendelea kuona kwa miaka. Sasa mchukue mbwa mdogo wa pua bapa na macho yaliyotokeza, Pekingese au Pug, aliyeparurwa na paka konea ikachubuka. Naye analetwa kliniki jicho jekundu, machozi yanamtoka, amelifumba. Huyu akipewa matone yaleyale, kidonda hakifungi. Vimeng'enya vinaweza kuanza kuiyeyusha konea, na katika siku chache jicho likapasuka. Kinachowatenganisha wagonjwa hawa mezani ni kikaratasi chenye rangi ya fluoresini. Kinaloweshwa kwa maji safi ya chumvi, kinagusishwa ndani ya kope, jicho linasuuzwa, kisha linamulikwa kwa mwanga wa buluu. Konea iliyo nzima haishiki rangi. Iliyochubuka inang'aa kijani. Shughuli nzima ni ya dakika chache, na asiyeifanya anabahatisha uoni wa mnyama asiyeweza kusema kinachomuuma.

Ndiyo maana nasema elimu endelevu ya madaktari wa mifugo wanaotibu mbwa na paka ianze kupimwa kwa kile ambacho mikono yao inaweza kufanya, na uchunguzi wa jicho uwe miongoni mwa stadi za mwanzo kabisa. Mlango wa kisheria upo. Kenya ina Sheria ya mwaka 2011 na bodi inayosimamia taaluma hii, ambayo inamtaka daktari aendelee kujifunza ili leseni yake ihuishwe. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza lililoundwa chini yake. Kasoro ni kwamba saa za kukaa ukumbini na kusikiliza mada ni rahisi kuhesabu, ilhali ustadi unahitaji mtu wa kuutazama ukitendeka. Wala sivilaumu vyuo. Miaka mitano ya shahada pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, au kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi inapaswa kumwandaa mtu kwa ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe, ukaguzi wa nyama na afya ya jamii. Jicho la mbwa litapata saa ngapi humo? Pengo hilo ndilo elimu ya baada ya shahada iliwekwa ilizibe.

Angalia ugonjwa wa macho makavu. Tezi za machozi zinashambuliwa na kinga ya mwili wa mbwa mwenyewe, machozi yanapungua, na jicho linajibu kwa kutoa matongotongo mazito ya kunata. Kwa asiyepima, hayo ni maambukizi. Mbwa anaandikiwa antibiotiki, matongotongo yanapungua kidogo, yanarudi, anaandikiwa nyingine, na muda wote huo konea inageuka nyeusi na ngumu. Kipimo chake kilielezwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903: ukanda wa karatasi unapachikwa kwenye kope la chini kwa dakika moja, kisha unasomwa umelowa milimita ngapi. Mbwa mzima kwa kawaida hufikisha 15 au zaidi. Aliye chini ya 10 na ana dalili, jibu limeshapatikana. Dawa ya siklosporini, iliyoanza kuuzwa kwa ajili ya mbwa Marekani katika miaka ya 1990, huzirudisha tezi kazini kwa wengi wao. Presha ya jicho, tofauti na macho makavu, haisubiri: jicho la mbwa lililopandisha presha ghafla linaweza kupofuka moja kwa moja ndani ya siku moja hadi tatu, na mara nyingi jicho la pili hufuata. Daktari asiyelijua hilo atasema tuonane wiki ijayo.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kulichukulia jicho kwa uzito, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mbwa aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea vya nagana anaweza kuja macho yote mawili yamepiga ukungu wa buluu. Matone hayatamsaidia chochote, kwa kuwa ugonjwa umo kwenye damu, na bila tone la damu kuwekwa chini ya darubini mbwa huyo atakufa huku macho yake yakitibiwa. Watafiti wa magharibi mwa Kenya wamewahi kueleza jinsi mbwa wanavyoweza kutoa ishara ya mapema kwamba malale ya binadamu yamo eneo hilo. Kupe wa mbwa naye hueneza maradhi yanayoweza kuvujisha damu ndani ya jicho kabla mwenye mbwa hajaona dalili nyingine. Halafu kuna fira. Pwani ya Kenya ina fira mkubwa atemaye mate ambaye wanasayansi walimtambua rasmi kama spishi ya peke yake mwaka 2007, na jamaa zake wametapakaa Afrika Mashariki. Mbwa ndiye wa kwanza kumbwekea nyoka, na sumu inamwingia machoni. Kinachomwokoa ni maji safi mengi, papo hapo na kwa muda mrefu, kisha fluoresini kuona kama konea imeungua, na steroidi kuwekwa mbali. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kumtilia maanani fira. Mafunzo yetu yanayo.

Wapo watakaosema kwamba mbwa na paka ni anasa ya wachache, na kwamba nchi za wafugaji zina ndigana na homa ya mapafu ya ng'ombe za kushughulika nazo kwanza. Naiheshimu hoja hiyo, maana fedha za umma ni chache na ng'ombe ndiye ada ya shule ya mtoto. Lakini anayelipia mafunzo haya kwa sehemu kubwa ni daktari binafsi wa mjini, na anayelipa kliniki ni mwenye mbwa, ambaye tayari anatoa fedha yake kwa matone yasiyofaa. Zaidi ya hapo, mbwa wengi wa nchi hizi ni wa kulinda boma, zizi na duka. Akipofuka, mwenyewe amepoteza mlinzi. Na mkono uliozoea kuchunguza jicho la mbwa hautapata shida kuchunguza la ndama.

Hoja kwamba vifaa ni haba haina nguvu sana. Vikaratasi vya fluoresini na vya Schirmer hutumika hospitalini kwa binadamu pia, tochi nzuri kila mtu anaweza kuipata, na kifaa cha zamani cha kupimia presha kwa kukigandamiza juu ya konea iliyotiwa ganzi bado kinafanya kazi kwa anayejua kukisoma. Wanaosema video za intaneti zinatosha nawakubalia nusu. Zinafundisha sura ya ugonjwa. Hazimwambii daktari kwamba ameshikilia kope vibaya na presha anayoisoma ni ya vidole vyake. Kuhusu kumpeleka mgonjwa kwa bingwa, hilo ni jambo jema pale bingwa alipo karibu, na hata hapo lazima daktari wa kwanza ajue ni nani wa kumpeleka leo usiku na nani anaweza kungoja.

Kwa hiyo mabaraza yatenge sehemu ya pointi za elimu endelevu za kila mwaka kwa stadi zinazoonyeshwa mbele ya msimamizi, na vyama vya kitaaluma vifungue siku za mazoezi mikoani. Machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, na Dagoretti, Nairobi, hutoa macho ya mifugo kila siku. Ni hayo daktari atumie kujifunza kushona konea kabla hajagusa jicho la mgonjwa aliye hai. Idara za macho za hospitali kama KCMC, Moshi, zimefundisha mabingwa wa binadamu kwa miaka mingi na zina darubini za kuchunguzia jicho. Makubaliano ya Jumamosi chache kwa mwaka kati yao na madaktari wa mifugo wa Kilimanjaro na Arusha hayahitaji sheria mpya wala mfadhili. Na mwenye mbwa asione haya kuuliza, kabla hajapokea chupa ya matone, kama jicho limepakwa rangi na kupimwa machozi.